Hongo Yake ni Kelele

6 Desemba 1992

Wanafunzi wanaliita ziwa. Mimi nimezaliwa Dodoma na kukulia Dodoma, na najua kwamba ziwa hatuna. Tuna bwawa la chuo, ambalo mwezi Oktoba lilikuwa tope linalonuka na mbuzi walilivuka bila kulowa magoti. Lakini leo alfajiri mvua ya kwanza imenyesha, na nilipotoka maktaba mchana nilikuta maji yamesimama toka kwenye tuta mpaka kwenye matete, na pembeni yake yangeyange wanne weupe, wamejipanga kama wanangoja kuandikishwa. Nimepiga picha moja. Ni ya ngapi sijui, maana kamera yangu kihesabio chake kilikufa zamani.

Kamera ni Zenit ya mdogo wangu Jamaldini, mwenye studio Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Alinipa baada ya kununua ya Kijapani, akaniambia, "Dada, hii nzito. Ukikosa ndege, utapata mwizi wa kumpiga nayo." Na filamu siku hizi zimejaa madukani, zimepangwa pamoja na betri na sabuni za kila rangi. Miaka ile ya foleni ungeletewa filamu moja kutoka Nairobi na ungeitunza kwa ajili ya harusi tu. Sasa hata mkutubi anaipigia yangeyange. Jamaldini anasema soko huria limevuka mpaka.

9 Desemba

Mvua hakuna. Yangeyange wawili.

13 Desemba

Ruthu amepanda. Shamba lake liko nje tu ya uzio wa chuo, linateremka mpaka kwenye matete: upande wa maji ni uwele, upande wa juu ni mtama. Mumewe, Obedi, yuko Makutupora kwenye mizabibu ya watu na anarudi Jumapili moja moja, kwa hiyo jembe ni la Ruthu peke yake. Nilisimama kwenye uzio nikamwambia Wagogo hupanda jiwe wakangoja liote. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba afadhali jiwe, Wanyamwezi hawajui kupanda kitu, wanajua kubeba tu. Baada ya hapo ndipo tukasalimiana.

Mimi na Ruthu ni watani, tangu siku alipokuja maktaba kuuza mayai akaniuliza ukoo wetu umetoka wapi. Babu wa baba yangu alikuja na msafara kutoka Tabora na mzigo kichwani, akachoka hapa Ugogo, akaoa, akafungua duka. Ruthu anasema mpaka leo shingo yangu ni fupi kwa sababu ya mzigo ule. Mtu mwingine akiniambia hivyo nitamshitaki. Kwake nacheka mpaka nashika uzio.

28 Desemba

Mvua kubwa. Bwawa limejaa na vyura hawalali. Nimeona ndege aitwaye fundichuma akibeba kijiti kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Nilipokwisha kulenga alikuwa ameshafika anakokwenda.

17 Januari 1993

Leo Mwalimu Methusela, anayefundisha uhasibu na ambaye amepewa uenyekiti wa kamati ya kalenda, aliingia maktaba na kuongea kwa sauti mpaka nikamnyamazisha. Kinachomsumbua ni kwamba chuo sasa lazima kijitangaze. Serikali inapunguza fungu na wanafunzi wa kujilipia wanatakiwa. Kwa hiyo kutakuwa na kalenda ya 1994, karatasi nzuri inayong'aa, na juu yake picha kubwa ya ziwa. Anafikiria kumwita mpiga picha kutoka Dar es Salaam.

Nikamwambia mimi ninapiga picha za bwawa. Akacheka kwa adabu, akauliza kama ni za bata. Kisha akasema basi nimletee mpaka mwezi wa tano, kamati itaona.

Nimekasirika, na nimetamani. Nataka kila ofisi ya chuo hiki iwe na picha yangu ukutani mwaka mzima, na chini yake jina langu, Khairat binti Abbasi. Naandika hivyo humu kwa sababu humu hakuna wa kunicheka.

3 Februari

Jua. Uwele wa Ruthu umefika magotini na umeanza kukunja majani. Hatukutaniana sana.

10 Februari

Jamaldini ameosha filamu ya pili. Amenionyesha picha moja ya maji meupe yenye kidoa, akaniuliza kama ni ndege au kovu la filamu. Ni korongo mwenye taji, mmoja wa wale wawili wanaotua kila asubuhi ng'ambo ya matete, lakini sikumwambia. Lenzi yangu ni fupi na ndege wako mbali, na nikiwasogelea kwa miguu wanaruka. Nahitaji mahali pa juu, karibu na maji, nikae wanizoee.

Mahali hapo pako. Ni ulingo wa Ruthu: nguzo nne, jukwaa la fito, paa la nyasi, mwisho kabisa wa shamba lake kwenye ukingo wa matete. Kutoka pale mtu anaona bwawa zima.

14 Februari

Nimekwenda kuuomba ulingo. Ruthu alikuwa anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho, akaniuliza babu zangu walipokuwa wanapita Ugogo na pembe zao za ndovu walilipa nini.

Nikasema walilipa hongo. Hakuna mtoto wa ukoo wetu asiyejua hilo. Watemi wa Kigogo walikalia visima, na msafara haukuchota kata moja kabla ya kulipa hongo, ushuru wa njia: nguo, shanga, majembe. Babu wa baba yangu alikufa akiwa bado analalamikia majembe.

"Basi na wewe utalipa," alisema. "Ulingo wangu unaupanda, lakini hongo yake ni kelele. Punje za uwele zikianza kutoa maziwa, kwelea watakuja. Siku uko juu, wewe ndiye unaamia ndege, mimi nafanya kazi nyingine. Picha zako piga katikati ya kelele."

Nikamwambia huo ni unyang'anyi wa Kigogo uleule. Tukakubaliana. Nikiwa narudi ndipo nilipofikiri juu ya biashara niliyofanya. Nusu ya maisha yangu nimelipwa mshahara wa kuwaambia watu wanyamaze.

24 Februari

Ramadhani imeanza, na leo imenyesha, alhamdulillahi. Uwele umefunguka majani. Nilipofika nyumbani nilikuta maboga mawili mlangoni na ujumbe kupitia kwa mtoto wa jirani: mama wa shambani anasema Mnyamwezi mwenye njaa ni hatari barabarani, afuturu haraka.

7 Machi

Masuke yametoka. Leo Ruthu amenifundisha kuamia ndege.

Kamba ni tatu, zimefungwa kwenye jukwaa na kutambaa mpaka kwenye miti iliyosimamishwa shambani, na kwenye miti kuna makopo yenye changarawe. Ukivuta, shamba zima linalia. Juu ya makopo amezungusha ukanda wa kaseti za zamani za kwaya, na upepo ukipita unavuma wenyewe. Lakini vyote hivyo, anasema, ndege huvizoea. Sauti ya mtu hawaizoei. Akasimama, akaweka mikono kiunoni, akatoa ukelele uliovuka bwawa na kurudi, na kule madarasani vichwa vikajitokeza madirishani.

Zamu yangu ilipofika nikatoa kitu. Ruthu alikaa chini kwenye fito akacheka mpaka machozi. Aliniuliza kama nawafukuza kwelea au nawaomba radhi.

12 Machi

Kwelea wa kwanza, kikundi kidogo. Nimepiga kelele, wameondoka. Koo linauma na siwezi kunywa maji mpaka magharibi. Korongo wenye taji nao wameondoka.

19 Machi

Nimejifunza. Napiga kelele, nakaa kimya kidogo, napiga picha, napiga kelele. Nimempata korongo akinyanyua mguu. Hapo hapo makundi ya kwelea yanazidi, na jioni nimewaona mbali, juu ya maji, wakinywa. Walikuwa wengi kiasi kwamba kundi lilikuwa na umbo, likajikunja na kujikunjua na kushuka kwa pamoja, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na walikuwa mbali mno.

Nimemwambia Ruthu. Akasema uzuri wao ataniachia wote, yeye nimwachie uwele tu.

26 Machi

Idd imepita. Ruthu alikuja Chang'ombe na gauni lake la kitenge, akala pilau sahani mbili, akasema mchele wetu una vumbi la msafara. Aliomba afungiwe na sahani ya Obedi. Jamaldini alitaka kumpiga picha studio, mbele ya lile pazia lililochorwa bahari. Akakataa, alisema yeye na bahari hawajatambulishwa.

4 Aprili

Wingu la kwelea limepita tena. Kama lingetua karibu, na maji nyuma yake, hiyo ndiyo ingekuwa kalenda. Ninaota picha hiyo hata nikipanga vitabu.

8 Aprili

Kesho ni Ijumaa Kuu. Ruthu hakulala nje ya shamba wiki nzima. Uwele uko kwenye maziwa kabisa, siku chache tu ukaze. Amepata shida kuniomba. Alianza kunitukana, akaacha, akasema kwamba tangu mama yake afe hajakosa ibada ya Ijumaa Kuu hata mara moja, na ibada ni ndefu, na kanisa liko mjini, na Obedi hakupata ruhusa. Nikamwambia Mungu alijua atahitaji Mwislamu, ndiyo maana akaniumba. Aende akasali, mimi nitalinda.

9 Aprili

Ninaandika tarehe kisha ninaweka kalamu chini.

Nilipanda ulingo mchana. Ruthu alikuwa ameshavaa, gauni jeupe na kitabu cha nyimbo kwapani, na bado alinionyesha zile kamba tatu utadhani sizijui. "Wakija usingoje watue," alisema. "Ndege akishatua ameshakula." Nikamwambia aende akaombewe ulimi. Akaenda akicheka, nikamtazama mpaka alipopotelea nyuma ya majengo ya chuo.

Mwanzo nilifanya kazi yangu vizuri. Vikundi vitatu vinne vilikuja, nikavuta kamba, nikapiga kelele, vikaondoka. Hata nilijisifu.

Walikuja alasiri, jua limeanza kulala. Lilikuwa lile wingu lenyewe. Lilishuka majini ng'ambo, likanywa, likanyanyuka, likageuka kwangu, na lilipogeuka bwawa lote lilikuwa nyuma yake linang'aa. Kisha likatua. Lilitua kwenye uwele wa Ruthu chini ya miguu yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia midomo yao ikifanya kazi. Mabua yaliinama kwa uzito. Kamera ilikuwa mkononi. Kamba ilikuwa kwenye goti langu.

Nikajiambia, moja tu. Nikapiga. Nikavuta filamu, nikajiambia ile imetikisika, niipate ya uhakika. Nikapiga. Halafu nikawataka wanyanyuke, kwa sababu picha niliyoibeba kichwani ilikuwa ya kunyanyuka, mabawa wazi na maji nyuma. Ningevuta kamba wangenyanyuka, lakini wangepasuka ovyo kwa hofu, na mkono wangu ungetikisika. Nilitaka wanyanyuke wenyewe, kwa pamoja, kama walivyotua. Nikangoja. Nilizuia pumzi. Nilikaa kimya kile ninachowadai wanafunzi kila siku, na hakuna aliyewahi kukipatia kama nilivyokipatia mimi.

Sikusahau shamba. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Niliona masuke yakibaki vijiti, nikasema moyoni, bado kidogo.

Wakanyanyuka. Nikapiga mpaka filamu ikagoma kuvutika. Ndipo nikashika kamba zote tatu, nikasimama, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na hapakuwa na ndege hata mmoja wa kumpigia.

Ruthu alikuwa amesimama pale njia inapoingia shambani, na kitabu chake cha nyimbo. Sijui alifika saa ngapi. Nikashuka. Nikaanza kusema walikuwa wengi mno, na kweli walikuwa wengi. Aliitazama kamera shingoni kwangu.

"Nilisikia kimya tangu barabarani," alisema.

Akapita mstari kwa mstari akishika masuke, moja, jingine, jingine, upande wote wa maji mpaka mtama ulipoanza. Nilimfuata nyuma. Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki ya kunitukana mimi na msafara mzima ulionileta. Aliporudi kwenye ulingo alinipa mkono.

"Asante dada Khairat kwa kunishikia zamu," alisema. "Sasa nenda nyumbani, jua linazama."

Tangu tujuane hajawahi kuniita dada.

10 Aprili

Sikwenda popote.

11 Aprili

Pasaka. Nimempelekea Ruthu gunia la mahindi, Jamaldini amenisaidia na baiskeli. Nilitayarisha moyo wangu kwa matusi: kwamba mahindi ni chakula cha njia, kwamba nimezoea kubeba. Alitoka na kilemba chake cha kanisani, akasema, "Asanteni sana, Mungu awabariki," akatukaribisha chai. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Tuliongea habari za mvua. Nilikunywa nikitamani anitupie kikombe.

14 Aprili

Jamaldini ameosha filamu. Alitoka chumba cha giza ameshika karatasi kwa ncha za vidole, bado inadondoka maji. Iko moja. Ndege wamejaza karatasi toka kona hadi kona, kila bawa limefunguka na kila bawa linaonekana, maji nyuma yao meupe, na chini kabisa, mstari mwembamba, masuke. Ni picha nzuri. Nimejaribu kuiona mbaya na nimeshindwa.

Jamaldini akasema hata ningepiga kelele, kundi lile lingekula tu. Inawezekana. Hatutajua, kwa sababu sikupiga.

16 Aprili

Nimeomba likizo yangu ya mwaka. Nimeitundika kamera kwenye msumari chumbani, tupu. Mtama wa Ruthu umeanza kutoa masuke, na ndio uliobaki.

19 Aprili

Nimepanda ulingo toka asubuhi hadi jioni. Ruthu hakunizuia. Alisema, "Shikamoo dada, usijisumbue." Shikamoo! Mimi na yeye tumepitana miaka miwili. Nikamjibu "marahaba" kwa sababu sikujua cha kufanya na mdomo wangu.

Nimepiga kelele siku nzima.

23 Aprili

Mvua ya mwisho, huenda. Kelele.

30 Aprili

Kelele. Sauti imekatika, natumia makopo na debe. Korongo wenye taji wamerudi ng'ambo ya matete na kifaranga mmoja. Mikono yangu ilijinyanyua yenyewe kushika kamera ambayo haipo.

Leo nilimtupia Ruthu utani mmoja kwa sauti yangu ya chura, kwamba Mgogo amepata mbwa wa bure wa kulinda shamba. Akatabasamu kama mtu anayemtabasamia mgeni, akasema nisiseme hivyo dada, mimi ni mtu wa heshima. Nilikaa juu kule nikalia kidogo, nikivuta kamba.

Mtu wa nje hawezi kuelewa. Atasema mwenzio amekusamehe, anakusalimu vizuri, unataka nini? Nataka anitukane. Anayekutukana ni wako.

9 Mei

Obedi alikuja, akalala chini ya ulingo alasiri nzima. Kabla ya kuondoka aliniambia kwamba Ruthu hajamlalamikia juu yangu hata neno moja. Alisema hivyo kunifariji.

16 Mei

Mtama unakaza. Kwelea wanapungua, nadhani wamehamia Kongwa. Nami sasa nina sauti nyingine, nzito, ambayo sikuwa nayo. Jana nilimwita mtoto wa jirani na mtaa mzima ukatoka nje.

22 Mei

Nimerudi kazini wiki hii, nashika zamu ya alasiri tu. Leo Mwalimu Methusela alinifuata mpaka shambani na viatu vyake vya ngozi. Jamaldini, mdomo wake, alikuwa amemwonyesha nakala ya ile picha. Alisimama chini ya ulingo na kuniomba picha kwa ajili ya kalenda mbele ya Ruthu. Alisema hakuna mpiga picha wa Dar es Salaam atakayepata kitu kile. Nikamwambia haipo. Akasema ameiona. Nikamwambia basi haitoki.

Ruthu aliacha jembe. "Picha gani?"

Methusela alikuwa nayo kwenye bahasha. Nilishuka ulingo haraka lakini Ruthu alikuwa ameshaipokea. Aliitazama muda mrefu. Alipitisha kidole chini, kwenye ule mstari mwembamba.

"Huu ni uwele wangu," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na hapa ulikuwa umeuona."

Nikasema ndiyo, nilikuwa nimeuona.

Alimrudishia Methusela picha. Kwangu hakugeuka alipoongea. "Mpe picha, dada. Ndege wameshakula. Na picha nayo ukiifungia kabatini, mimi nitakuwa nimewalisha bure." Akarudi kwenye jembe lake.

Nimetoa picha. Nilichokitaka tangu Januari nimekipata, na nimerudi nyumbani kwa miguu bila furaha hata ya kununua karanga.

1 Juni

Kamati imekubali. Wameniuliza jina langu liandikwe vipi chini ya picha. Nimesema waandike "Shamba la Ruthu, kandokando ya bwawa". Wamebishana juu ya neno bwawa.

6 Juni

Ruthu ameanza kuvuna mtama. Umepatikana, si wa kushiba mwaka, lakini hawatakufa njaa, na gunia langu lipo. Hahitaji tena mtu kwenye ulingo. Sina kisingizio cha kwenda. Sijakwenda.

13 Juni

Bwawa limeanza kurudi nyuma, tope linaonekana. Jamaldini ameweka filamu mpya kwenye Zenit bila kuniuliza, akairudisha kwenye msumari.

19 Juni

Nilikuwa naosha vyombo uani niliposikia mtu ameingia sebuleni bila hodi. Ni Ruthu, na nguo za shamba, miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakunisalimu. Aliangalia kuta zangu zote, akapita moja kwa moja chumbani, akatoka na kamera imening'inia shingoni.

"Nimechukua," alisema.

Mtani akichukua kitu chako huna la kusema. Ni kuku, ni kanga, ni kamera, ndiyo sheria, na anayenuna ametoka kwenye utani. Nilisimama na sufuria mkononi. Nikasema kwa uangalifu sana kwamba Wagogo hawajaacha kuvizia misafara.

"Funga mdomo," alisema, "uutunze. Utautumia sasa hivi. Twende."

Tulikwenda mpaka shambani. Mtama wote ulikuwa umekatwa isipokuwa kipande kidogo upande wa juu. Akanionyesha kidole juu. Nikapanda. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaishika Zenit vile mtu anavyoshika kuku asiyemwamini, akaniamuru nipige kelele.

Nikamwambia hakuna ndege.

"Ijumaa Kuu walikuwepo hukupiga. Hongo yangu bado hujamaliza, mpagazi wewe. Piga."

Mpagazi wewe! Nilisimama kwenye zile fito, nikanyanyua mikono, nikapiga kelele. Nilipiga kwa ajili ya Ijumaa Kuu na kwa ajili ya shikamoo zote zile, na sauti yangu mpya ikavuka bwawa ikarudi, na kule matete kila kitu chenye mabawa kikaruka. Ruthu alibonyeza. Nikamwelekeza kutoka juu namna ya kuvuta filamu, akaniambia nisimfundishe kazi, akabonyeza tena kiganja kikiwa mbele ya lenzi.

23 Juni

Imetoka moja tu. Nimekatwa nusu ya paji la uso. Khanga imeteleza, mikono iko hewani, mdomo uko wazi mpaka jino la dhahabu la nyuma linaonekana, na mishipa ya shingo, hiyo shingo fupi, imesimama yote. Jamaldini ilibidi akae chini kwa kucheka.

Nimempelekea Ruthu mwenyewe. Aliitazama, akaitazama, akaiegemeza kwenye kichaga cha vyombo ili aione akiwa mbali.

"Msimu wote umenionyesha ndege," alisema, "hukuwahi kunionyesha mbaya kama huyu. Mwakani nitamtundika kwenye ulingo. Kwelea wakimwona hawatui."

Nikamwambia picha haina sauti. Mwakani nitapanda mwenyewe.